Daftari la Irabu Tano

Rumonge, Jumamosi, saa kumi jioni

Kaneza, mwanangu,

Habari za sweta, za chandarua na za kutozungumza na watu usiowajua nimewaachia mama zako wadogo. Tangu asubuhi wanakuhutubia juu ya baridi ya Nairobi kana kwamba wamewahi kuionja, na ndagala kavu za ziwani walizokufungia zinatosha kulisha bweni zima. Mimi nimekimbia. Nimekuja shuleni, nimefungua darasa langu ambalo leo halina mtu, na nimekaa kwenye dawati la nyuma kabisa, mahali wanapokaa wale wasiotaka kuulizwa swali. Pananifaa. Kuna swali moja ambalo nimelikwepa tangu ulipojifunza kusema.

Mbele yangu liko daftari. Unalijua kuliko ninavyolijua mimi: gamba la kijani, mgongo ulioshonwa kwa uzi wa nyavu, doa la mawese kwenye ukurasa wa tisa. Jana uliniomba ulichukue. Nilipokuambia nitafikiri, ulinicheka: "Mama, iko daftari tu! Ama unaogopa nitaliuza?" Hapana, mwanangu. Siogopi utaliuza. Naogopa utaliamini. Kesho unakwenda kusomea ukalimani, kazi ya kubeba maneno ya mtu mmoja na kuyafikisha kwa mwingine bila kuyamwaga njiani, na unataka kulibeba daftari hili kama mtu anavyobeba picha ya shujaa wake. Shujaa huyo ni mimi. Ni haki yako kujua alifanya nini, kabla hujamtia sandukuni.

Nilikuwa binti wa kambi ya wakimbizi aliyepata nafasi ya chuo kikuu kule ng'ambo ya mpaka, nami niliingia chuoni kama mtu anayeingia mahakamani kudai chake. Chakula kilipopungua, nilipanda juu ya meza ya bwalo nikahutubia. Maktaba ilipofungwa mapema, nilikaa mlangoni nikawahutubia walinzi. Wenzangu waliniita Redio, kwa sababu, walisema, hata betri zikiisha inaendelea. Sikuchukia. Mtu aliyezaliwa katika hema, akaambiwa tangu utotoni asubiri, asubiri karatasi, asubiri zamu, asubiri wakubwa waamue, mtu huyo akigundua kwamba sauti yake inaweza kunyamazisha ukumbi wa watu mia tatu, hurudi tena na tena kwenye ukumbi huo kama mwenye kiu.

Daftari lilianzia chumbani kwetu, tukiwa wasichana wanne. Tulikuwa na mchezo, na mchezo ulikuwa na sheria tatu. Neno liwe la Kiingereza na liwe refu. Liwe na irabu zote tano, a, e, i, o, u, zile zile alizotupa mwalimu wa darasa la kwanza. Na sheria ya tatu, niliyoitunga mimi mwenyewe kwa majivuno: maana yake iandikwe kwa Kiswahili ambacho mama yangu, asiyewahi kukaa darasani, angekielewa bila kuuliza mara ya pili. Tulisema kwamba neno usiloweza kumweleza mama yako si lako, umeliazima tu.

Ndiyo maana daftari linasomeka hivi. Education: kumfundisha mtu mpaka ajifunze mwenyewe. Revolutionary: anayetaka kupindua mambo, kando yake kuna jina langu. Insubordinate: asiyewatii wakubwa, kando yake jina langu tena, kwa mwandiko wa mwenzangu. Persuasion: kumshawishi mtu hadi adhani wazo ni lake. Exhaustion: uchovu wa aliyefika mwisho wa nguvu. Pneumonia: ugonjwa wa mapafu, wenye homa na kichomi. Cauliflower, ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuliona: mboga ya Wazungu, sura kama ubongo, ladha haijulikani. Dialogue, ambalo tuligombana kama lina urefu wa kutosha: watu wawili kusema kwa zamu, na kila mmoja kusikia. Na katika ukurasa wa tisa, kwa wino mwekundu, maneno mawili niliyoyapenda kuliko yote. Unquestionably: bila shaka yoyote. Unforgivable: jambo lisilosameheka.

Wewe ulilikuta daftari ukiwa na miaka saba. Ulijifunza kuhesabu irabu kwa vidole: kila irabu kidole kimoja, na ngumi ikijifunga, neno limeingia. Siku moja ulitoka mbio kwa bibi yako, Mungu amweke pema, ukipiga kelele, "Mama! Bibi ana neno! Bibi ana neno!" Bibi alikuwa amekuambia alichokuambia kila asubuhi ulipokwenda shule: nimekuombea. Ukakunja vidole mbele yangu kimoja kimoja, na ngumi ikajifunga. Ukaniuliza kwa nini hatukuliandika. Nikakujibu kuwa mchezo ni wa Kiingereza. Ukanuna siku nzima. Ulikuwa na haki, na nilipaswa kukuambia siku ile ile.

Sasa nisikilize, maana ninafika penyewe.

Hadithi ya kurudi kwetu unaijua kama anavyoisimulia mjomba wako Zabroni kila sikukuu, akiwa amesimama, sahani mkononi. Tulirudi Rumonge. Babu yako, aliyekimbia mwaka wa sabini na mbili akiwa kijana, alikuta shamba la baba yake lina michikichi mipya, na mwenye michikichi hiyo ni Mzee Sabimana. Wazee wa upatanishi wakaitisha kikao. Akaja mgeni mmoja Mzungu aliyetaka kuona jinsi waliorudi wanavyopokelewa. Kisha Zabroni huinua sauti: "Dada yangu akasimama! Mutoto mgongoni, ndiyo, huyu Kaneza huyu, amelala fofofo! Akakiporomosha Kiingereza mpaka Mzungu akaacha kuandika! Sabimana akaona haya, akakimbia kikao! Lakini mwenye shamba akishakuwa na roho mbaya, hata Kiingereza hakisaidii." Watu hucheka, nawe huniangalia kwa macho ambayo sikustahili. Hivyo ndivyo ulivyokua ukijua: kwamba tulikosa shamba kwa roho mbaya ya Sabimana, na kwamba mama yako alipigana hadi neno la mwisho.

Haikuwa hivyo. Mgongoni kwangu ulikuwa kweli. Mengine nitakusimulia mimi.

Wiki mbili kabla ya kikao, babu yako na Sabimana walikuwa wamekwisha kupatana. Hakuna aliyewalazimisha. Babu yako alikwenda shambani asubuhi, akamkuta Sabimana anakata mikungu ya michikichi, akamsaidia kubeba. Kesho yake akaenda tena. Siku ya tatu waliutembea mpaka mzima wa shamba wawili peke yao, wakakubaliana ua wa minyaa upite katikati: upande wa barabara kwa babu yako, upande wa mto kwa Sabimana, ambaye naye alikabidhiwa ardhi ile akiwa kijana asiye na kwake, hakuivamia. Kilichobaki ni desturi tu: wazee wasikie, kisha wawili wale wanywe pombe ya ndizi ya chungu kimoja kwa mirija miwili mbele ya mashahidi. Wakishanywa, neno limekwisha. Mgeni yule angetuletea mpimaji, karatasi ikachorwa, na hakuna ambaye angeigusa tena.

Baba aliporudi nyumbani na habari hiyo, uso wake ukiwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuuona, nilimjibu kwa maneno ya bwaloni. Nilimwambia, "Nusu ya haki si haki!" "Redio," alisema, kwa kuwa jina hilo lilinifuata hadi nyumbani, "punguza sauti, mutoto amelala."

Kikao kilikaa kwenye kibanda cha kukamulia mawese, kando ya pipa lililokuwa bado na joto. Wazee watatu, Sabimana upande huu, baba upande ule, mgeni kwenye kiti pekee chenye mgongo. Chungu kilikuwa katikati, kimefunikwa kwa jani la mgomba. Baba alikibeba mwenyewe kutoka nyumbani. Mgeni hakujua Kirundi, hakujua Kiswahili, na wazee hawakujua Kiingereza. Sisi tuliosomea ng'ambo tulidharauliwa kila siku kwa kutojua Kifaransa. Kila ofisi niliyoingia nilirudishwa mlangoni kama mtoto wa chekechea. Siku ile, kwa mara ya kwanza tangu turudi, Kiingereza changu kilihitajika. Mimi peke yangu nilishika maneno ya watu wote pale. Kumbuka jinsi hilo lilivyonipanda kichwani, kwa maana litakupanda na wewe.

Mgeni aliuliza, "Unataka nini?" Baba akajibu. Alisema sentensi chache, kwa sauti ya chini, akimtazama Sabimana wala si mgeni. Nitakuandikia sentensi zake mwishoni; bado mkono hautaki. Kwa ufupi alisema kwamba wamekubali kugawana.

Nami nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza kwamba baba yangu anasema aliyotendewa hayasameheki. Kwamba shamba ni lake bila shaka yoyote. Kwamba anadai lote. Ukurasa wa tisa wote niliumwaga pale, maneno mekundu yote, na sauti yangu ilikuwa nzuri, Kaneza, sitakudanganya, ilikuwa nzuri kuliko siku yoyote ya bwaloni. Mgeni kweli aliacha kuandika. Akamgeukia Sabimana, akamuuliza kwa ukali kwa nini anakataa kurudisha mali ya watu. Swali hilo nililitafsiri sawasawa, neno kwa neno. Hapo ndipo nilipokumbuka uaminifu.

Sabimana alipigwa na butwaa. "Nimekataa lini? Si tumepatana?" Akamgeukia baba. "Mwenzangu, ndivyo umesema?"

"Sivyo," alisema baba. Kisha akaniangalia.

Palikuwa na nafasi. Nataka uielewe nafasi hiyo, kwa kuwa ndiyo siri yote ya kazi unayokwenda kusomea. Ilikuwa pana kama mlango. Ningesema, "Nimekosea, nimesema yangu," na chungu kingefunuliwa. Badala yake nikawaambia wazee, "Mimi nimesema alivyosema baba. Labda mgeni ameelewa vibaya." Nilimsingizia mtu ambaye hakuweza hata kujua kwamba anasingiziwa.

Sabimana alisimama taratibu. "Naona," alisema. "Kwa Kiswahili ananipa asali, na kwa Kizungu mutoto wake anapeleka pilipili. Wazee, murakoze, asanteni. Mimi nakwenda." Akaondoka, na mgeni akaandika kwamba hapakuwa na makubaliano. Zabroni alinipongeza palepale kwa kunipiga bega hadi ukaamka mgongoni ukalia. Baba hakunigombeza. Aliinama, akakiinua kile chungu kilichojaa, akakibeba hadi nyumbani bila kumwaga tone. Nilitembea nyuma yake njia nzima nikisubiri aseme kitu.

Shauri lilipanda ofisini, likakaa ofisini, na mwishowe shamba likabaki kwa Sabimana. Baba alilima muhogo katika ardhi ya watu kwa miaka mitatu, kisha akatuacha. Sabimana hakuja mazishini. Nasi tukasema: mnaona roho yake?

Hayo niliyafukia, nikawa mwalimu mzuri. Nilifundisha Kiingereza, nilisifiwa, nilikulea, na kila Zabroni aliposimama na sahani yake nilitabasamu nikiangalia chini, na watu wakadhani ni unyenyekevu. Ningefika nayo kaburini, kama si wewe.

Unakumbuka siku ya daktari mgeni, mwaka jana, kwenye kituo kile cha afya cha kando ya ziwa. Ulikwenda kumsaidia kwa lugha. Mimi nilikuja tu kukuona, kwa fahari yangu. Mzee aliyeingia akishikilia ukuta alikuwa Sabimana. Nilitaka kutoka. Wewe ukamsogezea kiti, ukamwamkia, ukamwita sogokuru, yaani babu, kama desturi ilivyo kwa mzee yeyote, na kazi ikaanza.

Daktari alisema neno la daftari letu, pneumonia, nami niliuona mkono wako chini ya meza ukikunja vidole. Tabia hiyo haijakuacha. Lakini kwake ulisema, "Sogokuru, mapafu yako yameshikwa. Ndiyo maana kichomi." Sheria ya tatu, mwanangu. Wewe uliishika, mimi niliitunga tu. Kisha daktari akauliza kama vidonge alivyopewa mara ya kwanza alivimeza vyote. Mzee akatazama viatu vyake.

"Nusu nilimeza," alisema. "Nusu nilimpa mama wa watoto wangu. Naye anakohoa, na kutembea hawezi."

Haya zilinishika kwa niaba yake. Nilijua daktari atakunja uso, atamwona mjinga. Nikainama sikioni kwako, mimi, mama yako, nikanong'ona: "Mwambie tu amemeza vyote."

Hukunigeukia hata. Ulisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hakusema hivyo." Ukamwambia daktari alichosema mzee, nusu kwa nusu, hukupunguza, hukupamba. Daktari hakukunja uso. Aliweka kalamu chini, akasema, "Basi huyo mama naye yuko hatarini. Nipelekeni kwake leo." Wakampeleka. Wote wawili wapo hai hadi leo, na majirani wanasema ni dawa. Ni dawa, ndiyo. Lakini dawa ilifuata maneno yako, na maneno yako yalifuata ya mzee, na hakuna lililopotea njiani.

Nimewahi kushangiliwa na ukumbi mzima. Nimewahi kubebwa mabegani na watu wanaoimba jina langu. Sijawahi kuwa na fahari kama niliyokuwa nayo siku ile, nikiwa nimenyamazishwa na binti yangu kwa maneno matatu. Nilitoka nje nikasimama penye mitumbwi, nikalia kama mjinga, na muuza samaki akaniuliza kama nimefiwa.

Baada ya mwezi mmoja, Sabimana alipopata nguvu, nilikwenda kwake peke yangu. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Usicheke. Nilikuwa nimeiandika kabisa, aya nne. Nilipomwona amekaa mlangoni akipepeta maharage, aya zote zikanitoka. Nikasema, "Mzee, siku ile baba hakusema vile. Ni mimi nilisema."

Aliendelea kupepeta. "Redio," alisema, "leo ndiyo umefika kwenye habari?"

"Ulijua?"

"Nilidhani hivyo. Wiki ile ile nikatuma watu wamuulize baba yako. Akaja mwenyewe, hapa hapa mlangoni. Nikamwambia, sema tu kwamba ni mutoto, yaishe, tunywe. Unajua alinijibu nini?" Akaweka ungo chini. "Alisema: mutoto hakukosea. Mimi ndiye nilibadilika moyo."

Kaneza, soma tena hapo, kama mimi nilivyoyarudia maneno hayo moyoni mara nyingi tangu siku ile. Babu yako alijua kwamba binti yake akijulikana kuwa amepotosha maneno mbele ya wazee, hakuna ambaye angemwamini tena katika mji huu. Wala kama mkalimani, wala kama mwalimu, wala kama shahidi. Akachagua kuonekana yeye kigeugeu. Alilipoteza shamba mara ya pili, na rafiki mara moja, na hakunidai hata neno moja la asante. Nilimhesabu kuwa mtu aliyeridhika na nusu. Mimi ndiye niliyepewa kitu kizima.

"Kumbe nimemnunia bure," alisema Sabimana. "Miaka yote hiyo. Hata kumzika sikwenda." Akafunika uso kwa viganja vyenye makapi ya maharage. Alipoondoa mikono, alikuwa amekwisha kuamua. Ndivyo walivyo wazee wa hapa: huzuni yao haikai bila kazi.

"Ile minyaa tutaipanda," alisema. "Upande wa barabara ni wenu, kama tulivyosema. Na chungu kitanywewa. Lakini wewe, mukobwa wanje, binti yangu, mrija hushiki. Wewe utabeba chungu, kama alivyobeba baba yako. Mrija wake nitampa yule mutoto aliyesema nusu kuwa nusu."

Nikamwomba muda. Sikuwa nimekuambia, na singeweza kukukalisha mbele ya chungu ambacho hukujua kwa nini hakikunywewa. Muda huo nimeutumia vibaya, kama unavyoona. Umebaki usiku mmoja. Kesho saa moja asubuhi wazee watakuwa kwenye kibanda kile kile, na gari lako linaondoka saa tano. Nimekamua ndizi mwenyewe. Ni maji matamu, hayajachacha, kwa kuwa najua pombe huitaki. Zabroni nimemwambia leo mchana. Ameuliza tu, "Na hadithi yangu?" Nikamwambia atafute nyingine.

Barua hii utaikuta juu ya sanduku lako. Ukishaisoma, huenda hutataka kuniona, na huenda hutataka kukaa penye mrija ule mbele ya watu, ukiwa binti wa aliyefanya haya. Sitakubembeleza, umeshuhudia jinsi nilivyotumia kipaji hicho. Ukibaki kitandani nitakibeba chungu hadi kwa Mzee, nimwambie kweli kwamba umekataa na kwa nini, nirudi nacho. Njia naijua.

Daftari ni lako vyovyote utakavyoamua. Sikuchana ukurasa wa tisa. Nimeongeza neno moja tu, lile la bibi yako, ulilonidai ukiwa na miaka saba. Utalikuta mwanzoni kabisa, juu ya education. Kule uendako watakufundisha kutafsiri papo kwa papo, na watakuambia kazi hiyo inaitwa simultaneous. Utakunja vidole, nakujua, na ngumi itajifunga. Utakuwa bora kuliko wengi, na siku moja utashika maneno ya watu wakubwa, wakibishana juu ya mambo makubwa kuliko michikichi, na mmoja wao atasema jambo dogo, la upole, ambalo wewe utaona halitoshi. Utakuwa na haki, huenda. Mimi nilidhani ninayo. Mshikie jambo lake dogo kwa mikono miwili.

Na sasa mkono umekubali. Haya ndiyo aliyoyasema babu yako siku ile, akimtazama Sabimana, kwa Kiswahili chake cha ng'ambo na cha hapa. Hayajawahi kutafsiriwa. Kesho ukija, Mzee atakuomba uyaseme kwa sauti kabla ya kunywa, kwa kuwa anasema masikio yake yanataka kuyasikia tena kutoka ukoo ule ule.

"Mwambie mugeni hivi. Mimi nilizaliwa hapa, huyu amepanda hapa. Michikichi inatutosha. Tugawane, tuzeeke tukisalimiana."

Usiongeze kitu.

Mama yako,
aliyekubeba mgongoni siku ile, na anayetembea nyuma yako leo.